Re: Programu imepotea baada ya kujisasisha

Habari mkuu, pole sana. Umeme ulikatika hapo Igoma katikati ya sasisho, na sasa ukibofya ikoni ya programu ya stoo, Windows inadai faili halipo. Tafadhali usiiondoe kwanza, maana programu nyingine zikiondolewa huondoka na data zako.

Anza na Windows Security (ulinzi wa Windows yenyewe), kwenye historia ya ulinzi. Antivirusi hupenda kukamata faili jipya la .exe (lile linalofungua programu), ukilikuta humo na una uhakika ni halali, lirudishe.

Halipo? Bonyeza Windows+R, andika %localappdata%, tafuta folda ya programu. Hizi zinazojisasisha zenyewe nyingi hukaa humo, na waweza kukuta folda mbili: toleo la zamani, na jipya lililoishia njiani. Kwenye mashine ninazoletewa hapa Kirumba, mara nyingi ile ya zamani bado ina .exe yake na inafunguka vizuri tu.

Data kwa kawaida huwa %appdata% au C:\ProgramData. Inakili kwenye flashi kabla ya lolote! Ndipo upakue kisakinishi kamili kutoka tovuti ya watengenezaji, usakinishe juu ya ile ile. Ukikwama, tuma picha ya hizo folda.