Wasomaji wanauliza: Baa ya tangu 1677, mwenyewe nani?

SWALI: Dada shikamoo. Niko Ipogolo hapa Iringa, shangazi yangu ana kilabu cha ulanzi, nyumba ya kupanga. Kuna picha inazunguka kwenye simu ya baa moja ya London inaitwa The George, wanasema ipo tangu 1677. Hivi ni ukoo mmoja tu unarithishana miaka yote hiyo? Maana huku kwetu mwenye kilabu akifa na kilabu kinakufa. (Msomaji, Ipogolo)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, sio ukoo mmoja, wenye baa wamepita wengi tu na wengi wao walikuwa wapangaji kama shangazi yako.

Hiyo The George ipo Southwark, kusini mwa mto Thames. Moto wa 1676 ulichoma eneo kubwa pale, mwaka uliofuata ndo wakaijenga upya. Na haikuwa baa tupu, ilikuwa baa na gesti na zizi la farasi humohumo, magari ya farasi yanaingia uani, abiria wanapanda kulala vyumba vya juu vyenye vibaraza vya mbao vinavyotazama uani, yaani kama Makambako malori yanavyolala kabla ya kuendelea na safari. Treni zilipokuja biashara hiyo ikafa, kampuni ya reli ikainunua na 1889 ikabomoa sehemu kubwa, upande mmoja tu ndo umebaki, inauma kweli maana London nzima hakuna nyingine ya aina hiyo iliyobaki. Tangu 1937 ni mali ya National Trust, wanaotunza majengo ya kale, na bia bado inauzwa.

Sasa kilichofanya nyumba hizi zidumu, kwa maoni yangu, ni leseni. Sheria ya 1552 ilisema muuza bia lazima apewe ruhusa na mahakimu wa eneo lake na awe na wadhamini, kwa hiyo majina yakaanza kuandikwa. Mwaka 1830 wakalegeza, mlipa kodi yeyote akitoa gini 2 (gini ni hela ya zamani ya Uingereza) anauza bia nyumbani kwake, vilabu vikaota kila kona mpaka 1869 mahakimu wakarudishiwa rungu. Halafu viwanda vya bia navyo vikanunua nyumba nyingi, mwenye baa anabaki mpangaji wa kiwanda na analazimika kuuza bia ya kiwanda hichohicho, bei wanapanga wao. Mimi naona walinyonywa sana, na serikali yenyewe ilikuja kuingilia kati 1989.

Kuhusu mtu kufa: mume akifariki mara nyingi mjane aliomba leseni ihamie kwake, baa inaendelea. Wanawake wengi sana wameendesha baa kwa njia hiyo, na hata The George iliwahi kuwa mikononi mwa mama na binti yake, familia ya Murray.

Kwa hiyo muulize shangazi leseni ina jina la nani, na mkataba wa pango unasemaje akiumwa au akitaka kukuachia wewe. Kama ni makubaliano ya mdomo tu na mwenye nyumba, waandikishane sasa hivi wakati bado wanaelewana.