Mwanao Ameitwa Kwenye Utafiti wa Pumu? Kaa na Karatasi Kwanza

Mwanangu alikuwa na miaka tisa tulipoombwa aingie kwenye utafiti wa pumu. Nesi alinipa fomu ya ridhaa, nikaisaini nimesimama, begi lake la shule begani kwangu. Nilikuwa nimesikia maneno mawili tu: "dawa" na "bure".

Mzazi mwenzangu, utafiti si kliniki. Kliniki daktari anahangaikia mtoto wako. Utafiti unahangaikia swali. Kwenye majaribio mengi ya dawa watoto hugawanywa kwa bahati nasibu, na mara nyingi hata daktari anayewaona hajui nani kaangukia kundi lipi. Basi uliza: wasiopata dawa mpya wanapewa nini? Mtoto anayehitaji inhela ya kuzuia, ile ya kila siku, asije akaachiwa ile ya bluu ya kutuliza peke yake.

Halafu uliza habari ya usiku. Sisi tulikuwa tunakaa Kirumba, Mwanza, uani majiko ya mkaa hayazimiki. Saa nane usiku akabanwa. Nikapiga namba iliyokuwa kwenye kadi ya utafiti, ikaita mpaka ikakata. Nikachukua chupa yetu ya maji ya nusu lita, tuliyoitoboa kitako, nikachomeka inhela. Mpulizo mmoja, pumzi tano. Mpulizo mwingine, pumzi tano. Ngozi ya katikati ya mbavu inadidimia kila akivuta. Tukakimbilia bajaji. Kesho yake nikaambiwa namba ile ni ya saa za kazi, na kweli kwenye fomu iliandikwa. Niliyesaini bila kusoma ni mimi, lakini hasira sikukosa.

Siku ya kipimo mtoto hupuliza kwenye mashine kwa nguvu mpaka pumzi imwishie, na mara nyingi mnaambiwa asitumie inhela ya kutuliza kwa saa kadhaa kabla. Akiamka anakoroma kifua je? Jibu ni moja: apewe dawa yake, kipimo kingoje.

Mama mkwe wangu, mtu wa Ukerewe, alishikilia kwamba damu inaenda kuuzwa. Sikubishana naye, nilirudi kuuliza: mnachukua mililita ngapi, ya nini, inahifadhiwa wapi, inasafirishwa nje? Hayo yote yanapaswa kuandikwa. Omba pia kuona kibali cha kamati ya taifa ya maadili, NatHREC, iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Na kama ni jaribio la dawa, kuna kibali cha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Mtafiti wa kweli hachukii kuulizwa.

Na mtoto mwenyewe aulizwe. Wangu alichoka njiani, akasema mdomo wa ile mashine unanuka plastiki. Ana haki ya kujitoa, na kliniki yake ya kawaida isiguswe.

Kilichoniuma zaidi ni mwisho. Utafiti ulipofungwa, inhela za bure nazo zikaisha, nikaanza kuzitafuta duka la dawa kwa hela ya dagaa.

Mwaka huu wameniita kwa ajili ya mdogo wake. Karatasi nimelala nazo siku mbili, tukazisoma na kaka yake, nikaandika maswali manne nyuma. Nesi kajibu matatu. La nne, la dawa baada ya utafiti, kasema atamuuliza daktari. Bado sijasaini.