Mama kakutwa na presha 158/96 na hajisikii vibaya: aanze dawa au asubiri?

Ndugu mleta uzi, nimesoma swali lako mara mbili ili nisikujibu juujuu. Hospitali ilileta upimaji wa bure mtaani kwenu. Mama yako, miaka 58, akakutwa na 158/96 na kuambiwa arudi kupima tena ndani ya wiki chache. Dada yako, mjamzito wa miezi saba, akakutwa na 142/92 na kuambiwa aende hospitali siku hiyohiyo. Unauliza kwa nini mwenye namba kubwa ndiye aliyeambiwa asubiri, kama mama aanze dawa wakati haumwi popote, na kama ni kweli dawa za presha ukishazianza huachi tena. Mwisho umeuliza kama matangazo ya afya ambayo hospitali hutuma kila mwezi yana faida yoyote. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimekaa kwenye meza hizo za upimaji, kwa hiyo nakujibu kwa ninayoyaona pale.

Naanza na dada, maana yeye hana muda wa kusubiri. Kama bado yuko nyumbani, acha kusoma hapa, mpeleke kwanza, mengine utayakuta. Mjamzito aliyevuka wiki 20 akifika 140/90 tunamshuku kifafa cha mimba kinanyemelea, na hali hiyo huweza kugeuka kwa saa chache. Lazima apimwe mkojo kama una protini, apimwe damu kuona figo na ini, na mtoto aangaliwe. Akilalamika kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono kuvimba ghafla, hapo ni dharura kamili. Hospitalini zipo dawa za kushusha presha zinazofaa kwa mjamzito, na ipo sindano ya magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa uliotoka 2002, uliohusisha wanawake wapatao 10,000, ulionyesha kuwa sindano hiyo hupunguza hatari ya degedege la kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Hiyo ndiyo sababu aliyempima hakumwacha arudi nyumbani, na alifanya sawasawa kabisa. Akishajifungua msiseme yameisha. Wiki sita za kwanza presha bado inaweza kupanda, aendelee kupimwa.

Sasa mama. Kipimo kimoja cha mezani hakitoshi kumwandika mtu kuwa ana ugonjwa wa presha. Kinatosha kusema afuatiliwe, na afuatiliwe kweli. Siku za upimaji foleni huwa ndefu, watu wamesimama muda mrefu, wengine wana wasiwasi wa kuambiwa jambo baya, na sisi wapimaji tunaharakishwa. Mzee mmoja alifika mezani kwangu akihema, ametoka kupanda ngazi. Akakunja mkono wa shati hadi ukambana juu ya kiwiko, akakaa mguu mmoja juu ya mwingine, na wakati mashine inajaza upepo ananisimulia habari za wajukuu. Ikasoma 164/92. Nikamwomba aende kwanza haja ndogo. Aliporudi nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu miwili chini, mkono wazi umelala juu ya meza, kitambaa cha mashine kinachofungwa mkononi kiko usawa wa moyo, na nikamwomba tukae kimya dakika tano. Kipimo cha pili kilisoma 138/84. Mtu ni yuleyule na mashine ni ileile.

Haya si mambo ya kubahatisha. Kuzungumza wakati wa kupimwa kunaweza kupandisha namba ya juu, yaani ile inayotajwa kwanza, kwa kama 10, na kibofu kilichojaa nacho vivyo hivyo. Watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walipima jambo la mkono na kutoa majibu 2024: mkono ukiwekwa mapajani namba ya juu hupanda kwa karibu 4, ukining'inia pembeni bila kuegemezwa hupanda kwa zaidi ya 6. Mwaka mmoja kabla yake walionyesha kuwa mtu mwenye mkono mnene sana akifungwa kitambaa cha saizi ya kawaida, namba ya juu inaweza kuzidi kwa karibu 20. Yaani mtu anaweza kupewa dawa za maisha kwa sababu ya kitambaa kidogo! Ndiyo maana nawasihi watu wasione haya kumwambia muuguzi, "Samahani, hiki kinanibana, hamna kikubwa zaidi?" Muuguzi anayeijua kazi yake atakushukuru.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Tafuteni mashine ya kufunga mkono wa juu, siyo ya kifundo cha mkono, na msiamini zile programu za simu zinazodai kupima presha kwa kuweka kidole kwenye kamera. Kwa wiki nzima mama apime asubuhi kabla ya chai, kahawa au chakula, na apime tena jioni. Kila mara apime mara mbili, akipumzika dakika moja katikati, na aandike zote hata ile asiyoipenda. Siku ya kwanza itupeni, maana wengi huwa na wasiwasi na mashine mpya, kisha tafuteni wastani wa siku zilizobaki. Nyumbani mpaka wetu ni 135/85, wakati kliniki ni 140/90, kwa sababu watu hutulia zaidi wakiwa kwao. Wastani ukikaa chini ya hapo, huenda mama ni mmoja wa wale wanaopanda presha wakimwona mhudumu wa afya, na atahitaji kupimwa mara kwa mara bila dawa. Ukikaa juu, basi ana presha, na hapo kusubiri dalili ni kosa.

Hapo kwenye dalili niruhusu nikae kidogo, kwa sababu ndipo ninapowapoteza watu wengi. Mama yako anasema hajisikii chochote, na anasema kweli. Presha kwa kawaida haiumi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wazima wapatao bilioni 1.4 wanaishi nayo, na karibu nusu yao hawajui. Mwilini lakini haijakaa bure: inachosha moyo, inakaza mishipa ya figo na macho, inadhoofisha mishipa ya ubongo. Rais Franklin Roosevelt wa Marekani alikutwa na 186/108 mwezi Machi 1944 alipopimwa na daktari wa moyo. Wakati huo dawa za maana zilikuwa hazijapatikana, na daktari wake binafsi aliendelea kuwaambia watu kwamba afya ya rais ni njema. Tarehe 12 Aprili 1945 alilalamika kichwa kinamuuma vibaya, presha yake ikapimwa 300/190, na akafa siku hiyohiyo kwa damu kuvuja kwenye ubongo. Vidonge vya kwanza vilivyoweza kutumiwa na watu wengi bila taabu kubwa vilifika madukani mwishoni mwa miaka ya 1950. Mama yako akiandikiwa akavikataa, atakuwa anaacha vitu ambavyo mtu mwenye madaraka makubwa kuliko wote wakati ule hakuweza kuvipata, na inaniuma kila ninapomwona mama kama huyo akirudishwa kwetu kwa machela.

Kuhusu "ukianza huachi". Dawa za presha hazimfanyi mtu kuwa teja kama bangi au pombe. Kinachodumu ni ugonjwa, na dawa inaushikilia usipande. Ukiiacha, presha inarudi ilikokuwa. Wapo waliopungua uzito, wakapunguza chumvi, wakatembea kila siku, na daktari akawapunguzia dozi, hata wengine wakaachishwa. Lakini walipunguziwa na daktari akiangalia vipimo, hawakujipunguzia wenyewe baada ya kujisikia vizuri. Faida yake inajulikana pia: mapitio ya tafiti nyingi yaliyotoka 2016 yalionyesha kuwa kila namba ya juu inaposhuka kwa 10, kiharusi hupungua kwa zaidi ya robo.

Anachotakiwa kusikia mama mapema, na mara nyingi hatuna muda wa kumwambia, ni kwamba dawa ya kwanza inaweza isimfae. Amlodipini huvimbisha miguu ya baadhi ya watu. Enalapili na ndugu zake huweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, mtu akanywa dawa za kifua miezi bila nafuu. Zile za kukojosha humfanya mtu aende msalani mara nyingi, ndiyo maana hunywewa asubuhi. Yote haya yana mbadala. Mtu akikaa kimya na kuacha vidonge kwenye droo, daktari ataona presha haishuki, atadhani dozi ni ndogo, ataongeza. Pia mwulize mama anatumia nini kwa maumivu ya magoti au mgongo. Diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kuisumbua figo, na wengi hawazihesabu kama dawa kwa sababu walizinunua wenyewe.

Kuna jambo moja naliona bado mitaani na linanitisha: presha ikipanda, mtu anapasuliwa kidonge cha nifedipini na kuwekewa chini ya ulimi ili ishuke upesi. Madaktari walipiga kelele dhidi ya jambo hilo tangu miaka ya 1990, kwa sababu presha ikiporomoka ghafla ubongo na moyo hukosa damu. Msifanye. Mama akisoma 180/120 au zaidi, akae atulie dakika chache, mpime tena. Ikibaki hapo na ana maumivu ya kifua, pumzi inakata, mdomo umepinda, mkono mmoja hauna nguvu, maneno hayatoki sawa au macho hayaoni vizuri, mkimbizeni hospitali, na muikumbuke saa dalili zilipoanza, kwa sababu tiba ya kiharusi inategemea saa hiyo. Ikibaki juu bila dalili yoyote, asiongeze vidonge kwa kujiamulia, aonwe na daktari siku hiyo.

Chumvi sitaiongelea sana, mmeshaisikia. Kiwango ni chini ya gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyojificha kwenye mkate, viungo vya mchuzi na vyakula vya makopo. Chumvi zilizochanganywa na potasiamu husaidia, ila mwenye matatizo ya figo asiziguse kabla ya kuuliza.

Matangazo ya kila mwezi ya hospitali yasomeni, ila mjue mnatafuta nini. Ushauri wa jumla uliomo humo ni mzuri lakini haumjui mama yako, usibadilishe dozi kwa sababu ya aya moja. Mimi naona dhahabu iko kwenye ratiba: kliniki ya presha iko siku gani, lini kuna upimaji wa macho na figo, mtaalamu gani atakuwepo wiki hiyo. Watu hulala foleni siku isiyo na kliniki wakati taarifa ilikuwa mikononi mwao. Zipo pia tahadhari za dawa zilizoondolewa sokoni, hizo zilinganisheni na maboksi yaliyo nyumbani.

Siku mama anaporudi kliniki, abebe daftari la ile wiki, dawa zote anazotumia zikiwemo za mitishamba, na mashine yenu. Mwombeni muuguzi ampime kwa yake, kisha baada ya dakika chache mpimeni kwa yenu, mkono uleule. Zikipishana kwa 5 au chini hamna shida. Zikizidi 10, rudieni, na zikiendelea kupishana hivyo itafuteni nyingine.