Nesi mpya, miezi mitatu tu kazini na nishachoka

Pole mdogo wangu, kulia chooni baada ya shifti ya usiku ukiwa peke yako na wagonjwa arobaini sio udhaifu, mi mwaka wa kwanza nilikuwa naota hadi dripu zimeisha. Tafuta nesi mkongwe mmoja wa kumuuliza bila aibu, sio lazima inchaji (msimamizi wa wodi). Halafu masaa yako andika kwenye daftari, sheria ya kazi ya 2004 hapa Bongo inasema 45 kwa wiki, yakizidi ni ovataimu, na kila saa ya usiku unaongezewa 5% ya mshahara wa msingi. Ukijichoma sindano iliyotumika kwa mgonjwa usinyamaze!! dawa za kinga ya VVU zinaanzwa ndani ya masaa 72. Ila kama hata siku ya ofu hulali, au unawaza kujidhuru, nenda kwa daktari wa afya ya akili leo leo.