Bastola ya upepo mita 10: kidole kwanza, risasi baadaye

Mlengaji mpya akishika bastola ya upepo, wiki za mwanzo zote huishia kwenye kupambana na mtikisiko wa mkono. Anakaza bega, anabana mpini, anazuia pumzi hadi macho yanamtoka. Mkono bado unatikisika. Utatikisika tu, hata kwa bingwa, na si huo unaokupotezea alama nyingi. Piga hesabu uone.

Duara la 10 kwenye shabaha ya bastola lina upana wa milimita 11.5, na kila duara linalofuata linaongeza milimita 8 kila upande. Mkono ukihama mzima mzima milimita 5 kwenda kushoto, huku kijiti cha mbele (kilengeo cha kwenye ncha ya mtutu) kikiwa bado katikati ya mwanya wa nyuma (kilengeo cha upande wa jicho), risasi nayo inahama milimita 5 tu. Hiyo ni 10 bado, maana tundu lake lina upana wa milimita 4.5 na alama hutolewa kwa duara la juu kabisa lililoguswa. Sasa pinda kifundo cha mkono kidogo sana, kijiti kitoke katikati ya mwanya kwa milimita 1. Kutoka kijiti hadi mwanya ni kama sentimita 33. Hadi shabaha ni mita 10, yaani mara 30 ya urefu huo. Milimita yako 1 inafika kule ikiwa 30, na umepata 7. Mtikisiko wa mkono mzima unasamehewa, kupinda kwa kifundo hakusamehewi. Na kinachopinda kifundo mara nyingi kabisa ni kidole kinachoivuta triga kwa pupa.

Kwa hiyo jicho libaki kwenye kijiti cha mbele. Kingo zake zionekane kali, kichwa chake kiwe sawa na kingo za mwanya, mwanga uwe sawa kushoto na kulia. Weusi wa shabaha uache uwe ukungu. Wageni wengi hulenga katikati ya weusi, kijiti cheusi kikazama ndani ya duara jeusi wasikione tena. Teremsha chini ya weusi, ubakize ukanda mweupe kati ya kijiti na duara, kisha sogeza vilengeo mpaka risasi zipande hadi katikati. Ukanda huo ukipanuka au kupungua kidogo, usihangaike. Hangaikia kijiti.

Triga ya bastola hii kwa kanuni haitakiwi kuachia chini ya gramu 500. Ukitaka kuipima bila mizani maalumu, hakikisha bastola haina risasi, elekeza mtutu juu, ning'iniza kwenye triga chupa ya nusu lita iliyojaa maji, kisha inua taratibu. Ikibeba chupa bila kufyatuka, uko salama kwa mkaguzi. Kidole kiguse triga kwa sehemu ya katikati ya pingili ya kwanza, na kisiguse kabisa ubavu wa mpini. Vuta hatua ya kwanza wakati mkono bado unashuka kuelekea shabaha, ili ukifika chini kiwe kimebaki kipande kidogo cha uzito. Hapo ongeza mgandamizo bila kusimama, moja kwa moja nyuma, vidole vingine vikiwa vimetulia kama vilivyokuwa. Risasi nzuri hutoka sekunde 5 hadi 8 baada ya mkono kutulia. Ikifika sekunde 10 haijatoka, shusha mkono, pumua, anza upya. Kushusha hakukatwi alama. Mashindano yana risasi 60 kwa dakika 75, muda unatosha. Wageni huona aibu kushusha mbele za watu, wakalazimisha risasi, na ndizo hizo wanazozipata kwenye 5 na 6.

Mazoezi yenyewe, kwa miezi ya mwanzo, theluthi mbili yafanyike bila risasi. Simama mita 1 kutoka ukuta mweupe usio na alama yoyote, inua, shusha, linganisha kijiti na mwanya, fyatua. Pale hakuna shabaha ya kukuvutia, unaona wazi kijiti kikiruka triga inapoachia. Kikiruka kushoto kwenda chini, umekamua mpini kwa vidole vyote. Lengo ni kijiti kisicheze, na ukimaliza kufyatua ubaki umesimama hivyo hivyo sekunde 2 kabla ya kushusha. Mizunguko 40 kwa siku, siku 5 kwa wiki, inajenga kuliko kopo zima la risasi Jumamosi moja. Tahadhari moja: bastola za springi huharibika zikifyatuliwa tupu, pistoni inagonga bila upepo wa kuikinga. Zile za mashindano zenye mtungi wa hewa huwa na sehemu ya kuseti mazoezi makavu, yaani ya bila risasi. Itafute kabla hujaanza.

Nyumbani, pasipo bastola, nguvu ya bega hujengwa kwa chupa ya maji ya lita moja, uzito unaokaribia bastola yenyewe. Inyooshe mbele sekunde 30, pumzika dakika 1, rudia mara 10. Afadhali chupa. Ukisimama uani Shangani au Chikongola, hapa Mtwara, umenyoosha kitu chenye umbo la bastola, majirani hawatauliza ni mchezo gani. Bastola yenyewe, hata kama ni ya upepo, isikae nyumbani wala kupanda bodaboda kabla hujaulizia kibali kituo cha polisi cha wilaya.

Kusimama: miguu iachane kama upana wa mabega, uzito ugawanyike sawa, mkono wa pili uwe mfukoni au kwenye mkanda. Funga macho, inua mkono, utulie, fumbua. Kijiti kikiwa kulia kwa shabaha, usikivute kwa kifundo. Sogeza mguu wa nyuma kidogo, ujaribu tena. Anayelazimisha kwa misuli hupiga vizuri risasi 15 za kwanza, kisha kundi la matundu linaanza kuhamia pembeni bila yeye kujua sababu.

Usiguse vilengeo kwa risasi moja. Piga 10, uangalie kundi lilipo. Kundi likibana lakini liko pembeni, hapo ndipo vilengeo visogezwe. Likitawanyika juu na chini, mara nyingi urefu wa kijiti ndani ya mwanya unabadilika, au unafyatua huku ukipumua. Likitanuka kushoto na kulia, rudi kwenye miguu. Na kabla hujaangalia tundu, taja kwa sauti unadhani limeenda wapi. Ukisema "kushoto, alama nane" na ikawa hivyo, unaona unachofanya. Ukisema 10 ukakuta 6, jicho lako lilikuwa kwenye shabaha.

Pwani yetu ina mambo yake. Katika kumbi za wazi upande mmoja, kusi la Juni na Julai linasukuma mkono wenyewe, basi panga mazoezi asubuhi kabla ya saa tatu, upepo na joto vikiwa bado chini. Jasho la kiganja hufanya mpini uteleze na kushikwa tofauti kila mara: taulo iwe mezani, na mpini usipakwe vanishi ya kung'aa. Mpini usiokukaa mkononi mpelekee fundi wa kuchonga, Mtwara hawakosekani. Mninga unafanyika kirahisi. Mpingo ni mzuri wa macho lakini ni mzito, na bastola nzima haitakiwi kuzidi gramu 1,500. Karatasi za shabaha zikinyonya unyevu hulegea na matundu huchanika, ukashindwa kujua kama mstari umeguswa. Zihifadhi kwenye mfuko uliofungwa, pamoja na konzi ya mchele mkavu. Mwezi wa Ramadhani, hamishia mazoezi baada ya futari na uyafanye makavu tu. Mwili usio na maji hauwezi kutulia.

Mtungi wa bastola hujazwa hewa safi kavu, kwa kawaida shinikizo la bar 200, sawa na mitungi ya wazamiaji. Ujaze polepole. Asikudanganye mtu kwamba oksijeni ya fundi wa kuchomelea ni "hewa tu": ikikutana na mafuta kidogo ndani ya vali, inalipuka. Mtungi wenyewe una tarehe ya mwisho, na ukipita miaka 10 haukubaliki mashindanoni.

Risasi hizi ni za metali ambayo nayo huitwa risasi (lead). Kinasio cha risasi nyuma ya shabaha kisiwe ubao mgumu, zitarudi usoni, kwa hiyo miwani ni lazima hata kwa anayesubiri zamu. Vumbi la metali hiyo lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisifagiliwe, na mikono ioshwe kwa sabuni na maji baridi kabla hujashika andazi.