Re: Kupiga polishi na waksi mwenyewe, rangi haitaungua?

Mkuu, si rahisi kuungua ukitumia mashine ya DA (dual action, sponji yake inazunguka huku ikiyumbayumba). Ile ya kuzunguka tu waachie mafundi. Inakula klia (tabaka la juu lisilo na rangi linalolinda rangi) haraka, hasa kwenye kingo za boneti ambako ni nyembamba.

Osha gari, kausha, fanyia kivulini bodi ikiwa imepoa. Kwenye jua polishi inakaukia juu na kuganda. Weka matone 4 kwenye sponji, fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, pita taratibu mara 4 hadi 6, futa kwa taulo la maikrofaiba. Taulo likianguka chini, chukua jingine, mchanga utakuchorea rangi.

Waksi paka kiduchu. Pitisha kidole: ikitoka bila kuacha ukungu, futa. Plastiki nyeusi zibandike tepu mapema, waksi ikikaukia pale inabaki nyeupe.