Miaka ya Ubongo Haikupotea

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Anamaliza shahada ya sayansi ya neva, anataka kuhamia sayansi ya data, na anaogopa kwamba waliosoma kompyuta wamemwacha mbali. Nimeusoma ujumbe wake mara tatu, maana hofu hiyo niliishi nayo miaka miwili.

Mimi pia nilianza na ubongo. Kilichoniteka ni kazi ya wanasayansi Hodgkin na Huxley ya mwaka 1952: walichukua neva nene ya ngisi, wakapima umeme wake, kisha wakaandika milinganyo inayoeleza jinsi msukumo wa neva unavyozaliwa na kusafiri. Uhai umeandikwa kwa hesabu! Hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuandika programu. Usiku mwingi wa kukosea na kurudia, basi.

Kwenye uzamili nilikabidhiwa rekodi za umeme wa ubongo. Kupepesa jicho mara moja tu hutoa umeme unaoufunika ule wa ubongo unaoutafuta, kwa hiyo wiki za kwanza zote zilikwenda kwenye kusafisha. Kisha nikafundisha modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, itofautishe waliolala vizuri na waliokesha. Ikapatia asilimia 94. Nilimwonyesha kila aliyepita maabarani, mpaka mmoja akauliza: data umeigawaje? Nilikuwa nimekata rekodi ya kila mshiriki vipande, nikavichanganya, vingine vya kufundishia na vingine vya kupimia. Modeli haikujua lolote kuhusu usingizi, ilikuwa inawatambua watu. Nilipogawa upya kwa kufuata washiriki, kila mmoja upande mmoja tu, ilibaki asilimia 56, na kubahatisha kungenipa 50.

Niliyaandika hayo yote kwenye tasnifu bila kuficha. Kwenye usaili wa uzamivu, mmoja wa wasaili akaniambia, "Wewe kwenye neva haupo, kwenye kompyuta haupo." Maneno yale bado yananiuma.

Nikaingia kwenye kazi ya data. Mwezi wa kwanza tu, timu ilikuwa inafurahia modeli ya kubashiri wateja watakaoondoka. Nikauliza swali lilelile: mteja mmoja anaweza kuwa pande zote mbili, ya kufundishia na ya kupimia? Alikuwa pande zote mbili. Wenzangu walinizidi sana kwa programu, lakini kosa hilo nililiona mimi, na ninajivunia.

Ndiyo maana nakuambia usijidharau. Wewe umefundishwa kuushuku upimaji. Mwaka 2009 watafiti walimweka samaki aina ya salmoni, aliyekufa, kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, na picha zikaonyesha "ubongo unafanya kazi", mpaka waliposahihisha hesabu kwa kuzingatia kwamba majaribio ya takwimu yalikuwa mengi mno, na mengine hutoa jibu kwa bahati tu. Mtu aliyekielewa kisa hicho hadanganywi kirahisi na jedwali. Jifunze takwimu kabla ya mitandao ya neva ya kompyuta. Jifunze Python, lugha ya kuandikia programu, vizuri. Halafu rudi kwenye takwimu tena, maana vijana wengi wanaikimbia na inawagharimu.

Na wewe uliyeniandikia: rekodi za mradi wako wa shahada bado unazo. Zifungue leo, zigawe kwa kufuata washiriki, uandike kilichobaki hata kama ni kidogo. Hiyo ndiyo kazi ya kwenda nayo kwenye usaili wako wa kwanza.